Nyota ya Shangazi Ilikuwa na Ncha Sita

Haya ni maneno niliyowaambia vijana na wazazi wao hapa Islii, Nairobi, jioni ya Oktoba 12. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza marudio tu, maana mwalimu hata akistaafu hurudia jambo mara tatu.

Asalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioacha mpira jioni ya leo kuja kumsikiliza mzee, hamjambo?

Mimi nimefika Kenya jana.

Waliocheka nimewatambua, hao ni wa kwetu. Wengine acheni niwaeleze. Garissa, mtu akipanda basi kuja Nairobi husema, "Nakwenda Kenya." Akirudi huulizwa, "Kenya kuna mvua?" Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kitambulisho cha Kenya na alipiga kura Kenya, lakini hadi siku tunamzika, Kenya kwake ilikuwa mahali pa safari. Hakuwa mkaidi. Alisema alichokiona. Ukifika daraja la Garissa basi linasimama, mnashuka, mnapanga foleni kipande mkononi, askari anatazama uso, anatazama picha, anatazama uso tena, ndipo mnavuka. Sasa mahali unapoombwa kipande ndipo uingie, wewe utapaitaje kwenu?

Leo ni siku ya bendera ya Somalia. Haimo kwenye kalenda yetu. Sisi tarehe 10 tuna sikukuu ambayo imebadilishwa jina mara nyingi hata siifuati tena, na tarehe 20 tuna Mashujaa. Lakini asubuhi nimeona simu za watoto wangu zimejaa buluu, na nina hakika zenu pia. Naomba mzitoe. Mhesabu ncha za ile nyota.

Tano. Ya kwanza ni Somalia ya Mwitalia, yenye Mogadishu. Ya pili ni Somaliland ya Mwingereza, yenye Hargeisa na Berbera. Ya tatu ni Djibouti, ya Mfaransa. Ya nne ni Ogaden, ambayo Wahabeshi wa Ethiopia waliipata katika mgawanyo wa enzi za mfalme wao Menelik. Na ya tano ndiyo iliyonileta mbele yenu: NFD, ile Northern Frontier District ya Mwingereza wa Kenya. Yaani baba yenu, babu yenu, na hilo daraja.

Bendera hiyo aliichora Mohammed Awale Liban, ikapandishwa Oktoba 12, 1954, miaka sita kabla ya uhuru. Wakati huo Umoja wa Mataifa ulikuwa umeiweka Somalia mikononi mwa Italia, imlee kwa miaka 10. Ile buluu ni ya Umoja wa Mataifa. Tazameni ajabu yake: rangi inawashukuru wageni, nyota inadai walichokigawa wageni. Kitambaa kimoja kina ahsante na lawama.

Nimefundisha watoto wa darasa la nne rangi za bendera ya Kenya kwa zaidi ya miaka 30. Nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani, na ngao na mikuki ya kuvilinda vyote. Ni bendera inayotaja tulivyo navyo. Ile ya buluu inataja kilichopungua. Julai 1, 1960, Somaliland ya Mwingereza, iliyokuwa na uhuru wake wa siku tano tu, iliungana na Somalia ya Mwitalia, na ncha mbili zikawa nyumba moja. Zilibaki tatu, na zote tatu zilikuwa ndani ya ua wa mtu mwingine. Mimi ni Msomali, lakini namwelewa pia mwenye ua. Jirani akitundika ukutani kwake picha ya sebule yako, akaandika chini "chumba changu cha tano", hutalala vizuri hata kama picha haijawahi kukupiga.

Nani alichora mistari hiyo? Mnalijua jibu la shuleni, Berlin, mabwana wenye masharubu na ramani. Ni kweli, ila linaficha jambo moja. Mistari yetu haikuchorwa mara moja. Iliendelea kusukumwa watu wakiwa hai na kikombe cha chai mkononi. Babu yangu mzaa mama alichunga ngamia kati ya Afmadow na Liboi. Alipokuwa kijana, Kismayu na Jubaland yote vilikuwa chini ya serikali ileile ya Nairobi. Kisha Mwingereza akakumbuka kuwa ana deni: Mwitalia alijiunga naye kwenye vita vya kwanza vya dunia na alikuwa ameahidiwa kitu. Mwaka 1925 akapewa Jubaland. Babu hakuhama hata hatua moja. Ngamia wake tu ndio wakaanza kulala Italia na kunywa maji Uingereza. Alikuwa akisema kwamba kati ya viumbe wote aliowajua, ni ngamia pekee waliokataa kuarifiwa.

Huku kwetu nako tulifungiwa. NFD ilikuwa wilaya iliyofungwa. Huingii bila ruhusa, hutoki bila ruhusa. Kwa hiyo mnapowasikia watu wakisema Wasomali walijitenga, waulizeni ufunguo ulikuwa kwa nani.

Sasa niwaambie habari za 1962, kwa sababu nilikuwa na miaka saba na niliziona kwa macho yangu.

Mapema mwaka huo wajumbe wa NFD walikwenda London, kwenye mkutano wa katiba ya Kenya pale Lancaster House, wakasema hawataki kuingia Kenya, wanataka kuungana na Somalia. Mwingereza akasema sawa, tutatuma watu wawaulize wananchi. Mwishoni mwa mwaka makamishna wawili wakaja, wakazunguka wilaya sita: Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Hapakuwa na karatasi za kura. Zilikuwa baraza. Watu walikuja na wazee wao, wakasimama juani, wakasema.

Shangazi yangu alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Alipewa kazi ya kushona bendera. Akapata buluu kwenye duka la Mwarabu, ile ya sare za shule, na nyota akaikata kwenye kitambaa cha marekani. Sasa, aliyewahi kukata nyota anajua: ncha tano zina hila yake. Ukikunja kitambaa kawaida, nusu halafu theluthi, ukapiga mkasi, unapata sita. Shangazi alikunja kawaida. Asubuhi ya baraza bendera ikafunguliwa mbele ya watu, na mtu mmoja, kila kijiji kina mtu wa namna hii, akaanza kuhesabu kwa sauti. Sita! Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi alitaka ardhi immeze. Akanyanyuka mzee mmoja mwenye ndevu za hina, akasema, "Mnacheka nini? Wilaya zetu si sita?" Kicheko kikakatika. Bendera ikapanda mtini ikiwa na ncha sita, na mpaka leo sijui kama makamishna waliziona.

Mzee yule alimwokoa shangazi, lakini hakusema kweli yote. Nyota haikuwa moja hata ndani ya zile wilaya sita. Wasomali wengi walitaka Somalia, na ripoti ya makamishna ilikiri hivyo. Lakini kule Isiolo, Marsabit na Moyale walikuwepo Waborana, Wagabra na Warendille, na miongoni mwao wengi walitaka kubaki Kenya. Nao ile ilikuwa nchi yao. Sisi tuliokuwa tukilia kwamba ramani ilichorwa bila kutuuliza tulikuwa tayari kuwatia wengine kwenye nyota bila kuwauliza. Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, Mwafrika wa mwanzo mwanzo kushika cheo hicho, aliuawa kwa risasi pamoja na chifu Haji Galma Dido. Barabara ya Wabera hapo mjini mnapita kila siku. Sasa mnajua inaitwa kwa nani. Kila ninapoipita, bendera ya shangazi inanijia, na sijisikii vizuri.

Machi 1963 Mwingereza alitoa jibu: NFD itabaki Kenya, Wasomali watapewa jimbo lao la Kaskazini Mashariki. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza. Tuliulizwa, tukajibu, jibu likatiwa kabatini. Heri kama tusingeulizwa.

Usiku wa kuamkia Desemba 12 bendera ya Kenya ikapanda Nairobi. Kabla mwezi haujaisha, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa kwetu, na vita vimeanza. Ninyi mmesoma kuwa viliitwa vita vya Shifta. Shifta ni neno la Wahabeshi, maana yake jambazi. Ukishampa mtu jina hilo huna haja ya kumuuliza anataka nini. Sitawasimulia vita vyote. Mwaka 1966 tulihamishwa tukatiwa kwenye vijiji vyenye senyenge, mifugo ikakosa malisho ikafa mbele yetu, na mfugaji aliyefiwa na ngamia wake wote ni mtu mwingine kabisa, hata sauti yake hubadilika. Oktoba 1967, Kenyatta na waziri mkuu wa Somalia, Egal, walikubaliana Arusha, Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Risasi zikapungua. Sheria za hatari hazikuondoka. Zilikaa hadi 1991! Mtoto aliyezaliwa vita vikianza alioa, akazaa, na bado alikuwa chini ya sheria za vita. Ni chini ya sheria hizo ndipo yalipotokea mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984. Waliokuwepo baadhi yao wangali hai. Wakiwasimulia, wasikilizeni.

Basi nilipopata kazi ya ualimu na mshahara wangu wa kwanza, nilijiambia nitakwenda kuiona hiyo nyumba yenye picha ya sebule yetu. Nilifika Mogadishu. Nilidhani nimefika nyumbani. Kijana wa hoteli akanisemesha haraka haraka kwa Kisomali cha mjini, nikakosa neno moja, nikajibu bila kufikiri, "Sijui." Akageuka akawaita wenzake, "Njooni, huyu ni Sijui!" Kumbe ndilo jina letu kule. Sisi Wasomali wa Kenya tunaitwa Sijui, kwa sababu ndilo jibu letu. Nairobi naitwa Waria, Mogadishu naitwa Sijui. Nikarudi Garissa siku ya nne.

Ile nyota nayo haikukaa sawa. Mwaka 1977 Djibouti ilipata uhuru ikachora bendera yake: buluu ya Wasomali Waisa juu, kijani cha Waafar chini, na nyota nyekundu pembeni. Waafar wana nchi yao pale, na hawakutaka kuwa ncha ya mtu. Mwaka huohuo Siad Barre, rais wa Somalia, akatuma jeshi Ogaden, Wasovieti na Wakuba wakasimama na Ethiopia, na kufikia Machi 1978 jeshi lilikuwa limerudi mikono mitupu, na mamia ya maelfu ya wakimbizi nyuma yake. Januari 1991 Siad Barre akaanguka. Mei 18 Hargeisa wakajitangaza nchi peke yao. Mji ule ulikuwa umepigwa mabomu na serikali yenye ile bendera ya buluu, kwa hiyo nani wa kuwalaumu? Tangu 1996 bendera yao ni ya kijani, nyeupe na nyekundu, ina shahada juu, na katikati kuna nyota. Ncha tano zilezile. Lakini nyeusi. Wengi huko wanakueleza kwamba ni msiba: ile ndoto ya Wasomali wote chini ya kitambaa kimoja imekufa, nasi tunavaa nyeusi. Na huko Hargeisa kuvaa fulana yenye nyota nyeupe kumewahi kumfikisha mtu mahabusu. Msomali anakamatwa na Msomali kwa sababu ya nyota ya Wasomali. Menelik angecheka.

Msinielewe vibaya. Sicheki vitambaa. Oktoba 12, 2021, siku kama ya leo, mahakama ya The Hague ilitoa hukumu ya mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, na sehemu kubwa ikaenda kwa Somalia. Mwanangu wa kiume alishangilia jikoni. Binti yangu, ambaye ni mtumishi wa serikali ya Kenya, alinuna sebuleni. Mimi nilikuwa ukumbini, katikati, nimeshika chupa ya chai, sijui nielekee wapi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvua samaki.

Bendera inauma kama jino. Huwezi kumwambia mtu asiumwe.

Ila jaribio lake sio Oktoba 12 wala Desemba 12. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa na Al-Shabaab. Abiria wakatenganishwa, wasio Waislamu wakauawa, watu 28. Walimu wengi walikuwemo. Desemba 2015 wakasimamisha basi jingine, la kutoka Nairobi kwenda Mandera, karibu na El Wak, wakaamuru vilevile: jitengeni. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Kina mama walishavua hijabu zao wakawafunika wanawake Wakristo. Wakasema, tuueni sote au mtuache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akikataa, na Januari akafariki. Alikuwa mwalimu mwenzangu wa jimbo, japokuwa sikumjua. Katika basi lile hapakuwa na bendera. Palikuwa na hijabu, na watu waliotoka kwa mama ambao walisema wanakwenda Kenya, wanarudi kutoka Kenya.

Na miezi minane kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Garissa kilikuwa kimeshambuliwa, watu 148 wakauawa, wengi wao watoto wa Kenya ya huko chini waliotumwa kwetu kusoma. Mwaka mmoja kabla ya chuo, uwanja wa Kasarani ulikuwa umejaa Wasomali waliokusanywa kutoka hapahapa Islii wakichujwa nani ni nani. Uwanja ule ule unakopandishwa bendera timu ya taifa ikicheza. Nayaweka pamoja haya mawili kwa kuwa tuliyabeba pamoja. Kuzika watoto wa watu asubuhi, na mchana kuulizwa wewe ni nani.

Februari 2025 Rais alitangaza Wajir kwamba ule mchujo maalumu wa vitambulisho kwa watu wa kaskazini umefutwa. Kwamba kijana wa Mandera aombe kipande kama kijana wa Nyeri, bila kamati ya wazee na cheti cha babu. Nilipiga makofi. Nilikuwa na miaka 70. Kuna vijana maelfu ambao wazazi wao, ukame ulipowashika, waliandikisha familia kwenye kambi ya Dadaab ili wapate unga, na alama zao za vidole zikabaki kule kama wakimbizi. Leo wakiomba kipande mashine inawakana. Mkenya aliyekula unga wa mkimbizi. Hao hawana bendera ya kuwasumbua, hata ile ya Umoja wa Mataifa. Mkitaka kufanya jambo la bendera mwaka huu, msaidieni mmoja wao afuatilie faili lake hadi mwisho. Ni kazi ya kuchosha, ina nauli nyingi, na hakuna atakayekupiga picha.

Hapo ndipo nilipomaliza. Kisha maswali yakaanza, na mawili nataka yabaki hapa.

Kijana mmoja, wa chuo kikuu, aliuliza, "Mwalimu, kama 1962 ungekuwa mtu mzima, ungesimama upande gani?" Nikamwambia ningesimama na baba yangu, upande wa Somalia, na ningepiga kelele kuliko wote. Akauliza, na leo? Nikamwambia leo nisingesimama huko, na si kwa sababu Kenya imenishawishi sana. Nimezika wazazi wangu upande huu, nimefundisha watoto wa watu elfu kadhaa wimbo wa taifa hili, na Mogadishu naitwa Sijui. Hakupenda jibu. Nilimwona.

Halafu binti mdogo aliyekaa karibu na mlango, labda darasa la sita, akauliza, "Ile bendera ya shangazi yako iko wapi?"

Nikamjibu. Wakati wa senyenge, kushikwa na kitambaa cha buluu chenye nyota hakukuwa jambo la mchezo. Shangazi alikaa usiku mmoja na sindano akaifumua. Ile buluu ilikuwa ya sare, kwa hiyo haikupotea: mimi nilikuwa nimeanza shule na kaptura yangu ilikuwa imetoboka nyuma. Jumatatu na Ijumaa nilisimama mstarini bendera ya Kenya ikipanda, naimba kwa sauti yote, na makalioni nina kiraka kipya cha buluu.

Na nyota?

Nyota aliifanya chujio la maziwa ya ngamia. Marekani huchuja vizuri. Zile ncha alizifunga mbili mbili kwenye mdomo wa kibuyu, mafundo matatu, kikakaza sawasawa. Zingekuwa tano, moja ingebaki inaning'inia.